Athari juu ya athari

Ukiiacha foleni ya malori Malaba ukapanda bodaboda, unafika Kakapel, kwenye vilima vya Chelelemuk. Chini ya mwamba uliojiinamia pana michoro myekundu na myeupe: maumbo ya duara yanayohusishwa na Watwa, na ng'ombe wenye pembe ndefu walioongezwa na wafugaji waliokuja baadaye. Mwaka 2004 serikali iliiweka michoro hiyo kwenye orodha ya turathi za taifa.

Nyaraka za utalii hazikosi kifungu cha "kudhibiti athari". Ofisini neno hilo hubeba chochote, kuanzia chupa za plastiki hadi mmomonyoko wa udongo. Kule Kakapel neno hilo linabana. Asili yake Kiarabu, na huko athar ni alama aliyoiacha aliyepita. Hata elimu ya mambo ya kale Waarabu huiita elimu ya athari. Basi yule ng'ombe wa mwambani ni athari. Mwanafunzi akikwaruza jina lake pembeni, nayo athari. Wafugaji nao walichora juu ya kazi ya wenyeji wao, na hakuna anayewaita waharibifu!

Ndiyo maana "athari hasi" hainiingii. Kamusi za zamani zilikuwa zimekwisha kuipa athari maana ya dosari. Hasi ya nini tena?

Kuna na athari ya wasomi. Watafiti waliochimba sakafu ya pango walitangaza mwaka 2024 kwamba wamepata kunde za miaka 2,300 hivi, kongwe kuliko zote zilizowahi kupimwa umri Afrika Mashariki. Lakini udongo ukishachimbwa haurudi ulivyolala. Mtafiti ningemwachia neno athari, kwa sababu huandika kila anachokiondoa na kilipokuwa. Mwenye kukwaruza ningempa uharibifu, bila kumung'unya.

Kazi ngumu ni mgeni asiye na nia mbaya: anayepapasa rangi kwa vidole vyenye jasho, au anayeumwagia mwamba maji ili picha ya simu ing'ae. Maji yakikauka huacha chumvi, na chumvi hufifiza rangi. Kwa huyo istilahi haifai kitu. Bango liandikwe, kwa Kiswahili na Kiteso: Usiguse. Usimwage maji.