Wasichana 30 wa Aboke

Vijana wa usharika wetu walituonyesha ukumbini filamu ya Beasts of No Nation, ile ya mwaka 2015 juu ya mtoto Agu anayegeuzwa muuaji na kamanda wake. Wengi wetu tulitoka kimya. Lakini nchi ya Agu haina jina, na tulipofika nje ilikuwa rahisi kuambiana kwamba mambo yale ni ya huko mbali. Ndipo mzee mmoja akauliza kama tumesahau Uganda. Hatukuwa tumesahau. Tulikuwa hatujataka kukumbuka, kwa sababu watoto wa Uganda walifundishwa kuua na watu waliokuwa wakilitaja jina la Mungu.

Yoweri Museveni alishika madaraka mwaka 1986, na kaskazini, katika nchi ya Waacholi, yakazuka makundi ya kumpinga. Lililodumu kuliko yote ni LRA la Joseph Kony, lililojiita jeshi la Bwana na kudai linataka nchi itawaliwe kwa Amri Kumi. Watu wazima wengi hawakumfuata, basi akaanza kuwachukua watoto wao. Mtoto aliyetekwa alipakwa mafuta ya shea kwa alama ya msalaba. Kisha mara nyingi alilazimishwa kumpiga mwenzake aliyejaribu kutoroka, mpaka afe. Baada ya hapo mtoto yule hakuona tena kama ana nyumbani pa kurudi, na hilo ndilo lililokusudiwa. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ni kwamba watoto waliotekwa walizidi 20,000.

Usiku wa kuamkia Oktoba 10, 1996, watu wakiwa wametoka kusherehekea Siku ya Uhuru, waasi waliingia shule ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, karibu na mji wa Lira. Walichukua wasichana 139. Kulipokucha, makamu mkuu wa shule, Sista Rachele Fassera, mtawa Mwitalia, alifuata nyayo zao porini akiwa na mwalimu mmoja tu. Aliwakuta. Alipiga magoti mbele ya kamanda na kumwomba amchukue yeye, awaache watoto. Kamanda aliokota kijiti akaandika chini: 139. Akaandika 109, hao atampa. Akaandika 30, hao anabaki nao.

Sista alirudi na 109. Kila tunaposikia mahubiri ya mchungaji aliyewaacha kondoo 99, tunamfikiria mama huyu, kwa kuwa yeye alilazimika kutembea kuelekea upande usio wa wale waliopotea, na 30 walimwona akiondoka.

Wazazi wa wale 30 walianza kukutana Lira kwa sala. Miongoni mwao alikuwepo Angelina Atyam, muuguzi na mkunga, ambaye binti yake alikuwa porini. Walisali, walifunga, wakawaombea watoto. Siku moja, katika Sala ya Bwana, walipofika pale pa kusamehe waliowakosea, sauti zilikatika. Hakuna aliyeweza kuendelea. Walitoka kanisani bila kuimaliza sala.

Sisi tunaisali sala ile kila Jumapili, na mara nyingine mdomo unatangulia moyo kwa mistari mitatu. Wazazi wale walionyesha heshima kubwa zaidi kwa maneno yale kwa kuyanyamazia.

Ugumu wao ulikuwa na sura ya pekee. Adui aliyewachukulia watoto alikuwa nani? Wengi wa waasi waliovunja madirisha ya bweni walikuwa wenyewe wametekwa utotoni. Nao wasichana waliochukuliwa wangepewa bunduki, na siku moja wangeweza kutumwa kuchoma kijiji. Mzazi aliyetaka binti yake apokelewe hata kama mikono yake ina damu, angemwambia nini mzazi wa yule kijana aliyemteka? Angelina aliona kwamba maombi yake kwa mwanawe yalikuwa pia, atake asitake, maombi kwa watekaji.

Viongozi wa dini wa eneo lile waliona hivyohivyo. Askofu Macleod Baker Ochola wa Kanisa la Anglikana alimpoteza mkewe kwa bomu la kutegwa ardhini mwaka 1997, lakini akaendelea kudai mazungumzo na msamaha. Sheria ya msamaha ilipitishwa mwaka 2000, na maelfu walirudi. Mwaka 2003, watoto wa vijijini walipokuwa wakitembea kila jioni kwenda kulala mjini Gulu ili wasitekwe, Askofu Mkuu John Baptist Odama na wenzake, Wakristo na Waislamu, walikwenda kulala chini pamoja nao usiku nne.

Hata hivyo, tusiufanye msamaha kuwa jambo jepesi. Dominic Ongwen alitekwa akiwa mtoto wa miaka kama tisa, njiani kwenda shule. Akakua humo, akawa kamanda. Mei 2004 wapiganaji waliokuwa chini yake walishambulia kambi ya Lukodi na kuua watu zaidi ya 60. Mahakama ya kimataifa kule The Hague ilimtia hatiani mwaka 2021 kwa makosa 61, likiwemo la kuwaingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15, yaani kuwafanyia wengine alilofanyiwa yeye. Alipewa miaka 25. Majaji walisema kutekwa kwake utotoni kumewafanya wasimpe kifungo cha maisha. Tulipolijadili katika kipindi cha Biblia hatukupatana. Wengine waliona adhabu ni ndogo mno mbele ya makaburi ya Lukodi. Wengine waliuliza ni siku gani hasa mtoto wa miaka tisa aliacha kuwa mtoto aliyeibiwa. Bado hatujapatana.

Angelina alipoanza kusema hadharani, hata nje ya nchi, waasi walimletea ujumbe: anyamaze, binti yake aachiliwe. Alikataa, mpaka waachiliwe wote. Baadhi yetu, hasa akina mama, tunakiri tusingeweza. Binti yake alikaa porini zaidi ya miaka saba, akatoroka mwaka 2004 akiwa amezaa watoto wawili. Wenzake kadhaa hawakurudi kabisa.

Lakini binti yake akiwa bado mikononi mwa waasi, Angelina alikwisha kufunga safari moja. Aliulizia nyumbani kwa kamanda aliyekuwa anamshikilia mwanawe, akaenda kwa mama mzazi wa kamanda huyo, akamwambia kwamba amemsamehe yeye, mwanawe na ukoo wao wote. Wale mama wawili walikumbatiana, wakalia, kila mmoja akimlilia mtoto aliye porini.