Mkonge, Katani na Korona: Jinsi Zao Geni Lilivyopata Majina

Kimamba, iliyo kando ya Reli ya Kati wilayani Kilosa, ni mojawapo ya sehemu zilizojulikana kwa mashamba makubwa ya mkonge. Walakini zao hilo si la asili ya nchi yetu. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyosalimika ilikuwa 62 tu. Wazungu waliuita mmea huo sisal, jina la bandari ya Yucatán, Meksiko, ambako nyuzi zake zilipakiwa melini.

Kiswahili hakikuhitaji jina la bandari. Tangu zamani mkonge ulikuwa mmea wa porini ambao nyuzi zake zilisokotwa kamba. Mmea mgeni ulifanana na ule wa kienyeji kwa majani na kwa matumizi, ukapewa jina lake. Nyuzi zilizokwisha kutayarishwa ziliitwa katani, neno la asili ya Kiarabu lililohusu kitani. Nazo huitwa pia singa, kama zisemwavyo nywele zilizonyooka. Mashine ya kuchakata majani iliitwa korona, kutokana na Corona, jina la biashara la mashine za Krupp.

Hivyo zao moja latuonyesha njia tatu za kuunda istilahi: kupanua maana ya neno la zamani, kufananisha, na kukopa. Hakuna kamati iliyoziamuru. Zilichaguliwa na watumiaji wenyewe.

Tofauti ya majina hayo si pambo. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Yaani tani 100 za majani hutoa takriban tani 4 za katani. Mfasiri akutanapo na sisal katika mkataba, akaandika "tani ya mkonge" bila kufafanua, mkulima hawezi kujua kama bei iliyotajwa ni ya majani au ya nyuzi. Hasara itokanayo na hapo ni ya fedha, si ya sarufi.

Kwa hiyo yafaa katika hati za serikali, mikataba na vitabu vya shule, mkonge liwe jina la mmea na zao, majani ya mkonge yatajwe hivyo hivyo, na katani ibaki kuwa jina la nyuzi zilizochakatwa.