Mtoto Mwenye Mizigo Miwili

Mlio katika vikundi, sogeeni karibu na redio. Nawe usomaye somo hili baadaye katika karatasi, soma polepole, na ukiwa na jirani asiyejua kusoma, msomee naye asikie.

Leo twazungumza habari za mtoto ambaye bila shaka unamjua. Yuko darasa la tatu. Mwalimu akianza kusema, yeye atazama dirishani. Kitako hakikai. Ukimtuma dukani chumvi na kiberiti, hurudi na chumvi tu, au harudi mpaka jua lituwe. Tena, akipewa kitabu, herufi zamshinda. Mwaka wa tatu sasa, na bado hajui kusoma jina la kijiji chake. Watu husema huyu mvivu, huyu kichwa maji. Lakini mpe ng'ombe wa babaye akachunge: jioni atakueleza habari za kila mmoja, kwa rangi yake na pembe zake.

Mtoto huyo huenda ana mizigo miwili, wala si mmoja. Wa kwanza ni upungufu wa umakini: akili yake haikai mahali pamoja, na mwili nao mara nyingi hautulii. Wa pili ni ulemavu wa kujifunza: anayo akili timamu, ila ubongo wake wapata taabu kubwa kushika herufi, au hesabu. Mizigo hii hupenda kufuatana. Katika watoto wenye ule wa kwanza, karibu theluthi moja, au hata zaidi, wana na wa pili.

Sasa tuingie katika historia, maana ndilo somo letu. Mizigo hii ilitambuliwa mbalimbali, na watu wasiofahamiana. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyeshindwa kabisa kusoma. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, kijana huyo angewashinda wenzake wote. Mwaka 1902, huko London, daktari George Still alieleza habari za watoto wasioweza kujizuia wala kutulia katika jambo moja, na wengi wao hawakuwa wajinga. Still aliona vizuri, lakini alilitia jambo hilo katika upungufu wa maadili, na neno hilo limewaponza watoto wengi.

Mwaka 1937, daktari Charles Bradley wa Marekani aliwapa dawa watoto wa hospitali yake, akastaajabu: karibu nusu yao walitulia na kufanya kazi za shule vizuri zaidi. Watoto wenyewe waliviita vidonge vya hesabu. Lakini sikiliza vizuri hapa. Dawa ya namna hiyo humsaidia mtoto kukaa na kutazama ubao. Haimfundishi herufi iliyo ubaoni. Jina la mzigo wa pili lilienea mwaka 1963, Samuel Kirk alipowahutubia wazazi mjini Chicago.

Turudi kwetu. Katika nchi yetu, ulemavu uliopewa shule kwanza ni ule unaoonekana. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950. Ile ya viziwi ya Tabora, mwaka 1963. Hapo Shinyanga mjini, shule ya Buhangija ilianza na wasioona, wakaongezwa viziwi, na mauaji ya watu wenye ualbino yalipotutia aibu katika miaka ya mwisho ya 2000, ikawa kimbilio la watoto hao pia. Ni kazi njema. Lakini mtoto wetu wa leo macho yake yaona na masikio yake yasikia. Nani angemjengea shule?

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kila mtoto aingie shule ifikapo mwaka 1977. Basi naye aliingia, katika darasa lililojaa, na mara nyingi mwalimu wake alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba juzi. Nyumbani mtoto husema Kisukuma. Darasani akute Kiswahili. Ni nani angepata nafasi ya kutambua kama kinachomshinda ni lugha, au ni herufi zenyewe? Fimbo ilikuwa karibu zaidi. Hata hivyo kanuni za viboko za mwaka 1979, na zile za mwaka 2002 zilizoweka mwisho wa viboko vinne, zasema kiboko ni kwa makosa makubwa ya nidhamu. Kushindwa kusoma hakumo. Wazazi wengi hawalijui jambo hilo.

Na hapa Geita mtoto aliyechapwa alikuwa na pa kwenda. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi tangu mwaka 1936 hata 1966, ukafungwa. Katika miaka ya 1980 na 1990 wachimbaji wadogo wakaenea kila kilima. Kwenye duara hakuna anayemwambia mtoto akae kimya. Huchota maji, hubeba mawe, hukimbia huku na huku, na jioni ana shilingi mkononi. Kwa mara ya kwanza anasifiwa! Twaweza kumlaumu?

Ila kuna zebaki. Inachanganywa na unga wa mawe ili ikamate dhahabu, kisha yachomwa motoni, na mvuke wake hudhuru ubongo, hasa wa mtoto: hupunguza kumbukumbu na umakini. Basi aliyekimbia darasa kwa sababu ya umakini mdogo aenda kuvuta moshi unaoupunguza zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa watoto, lakini mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch liliwakuta wakichimba Geita na Kahama. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia mkataba wa Minamata, wa kupunguza zebaki.

Je, mzazi afanyeje? Kwanza, tenga mizigo. Mjaribu mtoto kwa lugha ya nyumbani: msimulie kisa, akirudie. Akikirudia vizuri lakini hasomi, huenda mzigo wa herufi upo. Akipotea katikati ya kisa, tazama umakini. Tena mpimeni macho na masikio, maana mara nyingine ni hayo tu. Mwalimu amketishe mbele, mbali na dirisha, ampe kazi ndogo moja, aimalize, ndipo ampe nyingine. Baina ya kazi, amtume kufuta ubao. Herufi afundishwe moja moja, aichore mchangani kwa kidole huku akiitamka, kila siku kwa dakika chache. Mwulizeni mwalimu mkuu kama shule ina mwalimu wa elimu maalum; wapo waliosomea Chuo cha Patandi, Arusha. Habari ya dawa ni ya daktari, si ya dukani.

Kabla ya somo lijalo, kila kikundi kihesabu watoto wa kijiji walioacha shule kabla ya darasa la nne. Mwulizeni kila mmoja wao, kwa upole na bila mwalimu kuwapo: ni nini kilichokushinda?