Ng'ambo: Mji Uliokosa Ramani Yake

Neno ng'ambo halisimami peke yake. Ukilitamka, tayari umekwisha kusema umesimama wapi: ng'ambo ni upande wa pili wa maji, na mwenye kuunyooshea kidole yuko upande wa kwanza. Basi mtaa mkubwa wa Unguja ulipoitwa Ng'ambo, jina lake lilitolewa na watu wa Mji Mkongwe, waliokuwa wakiutazama kutoka ukingo wao wa hori. Palepale palipokuwa na daraja, leo panaitwa Darajani.

Jina hilo lilikuwa ramani, na ramani nyingine zikalifuata. Mwaka 1923 H. V. Lanchester aliandika mpango wa mji wa Zanzibar kwa serikali ya Waingereza, na tangu hapo macho ya watawala yaliugawa mji: upande wa mawe wa kutunzwa, na upande wa udongo na makuti wa kurekebishwa. Lakini Ng'ambo haikuwa kambi. Mwaka 1928 wakazi wake, waliomiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake, waligoma kulipa kodi ya viwanja. Mwaka huohuo Siti binti Saad, mwimbaji aliyekuwa akiishi huko, alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake. Mtaa wenye mgomo na taarabu una historia, hata kama haukujengwa kwa mawe.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume, ikisaidiwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ilijenga majumba marefu ya Michenzani katikati ya Ng'ambo. Mistari iliyonyooka ilipita juu ya vichochoro vya zamani. Wengine walishukuru kwa maji ya bomba na umeme, wengine wakalilia ujirani; nadhani wote walisema kweli. Kisha mwaka 2000 UNESCO iliuandika Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia, na mpaka wa urithi ukapita karibu na pale hori lilipokuwa. Ng'ambo ikabaki ng'ambo mara ya pili.

Mwaka 2011 UNESCO ilipitisha pendekezo la kuutazama mji wa kihistoria kwa upana zaidi, pamoja na desturi na kumbukumbu za wakazi. Hapo ndipo ulipopata nafasi mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, ulioziunganisha idara ya mipango miji ya Zanzibar, taasisi ya African Architecture Matters na Jiji la Amsterdam. Wakazi waliulizwa: ni mahali gani panapokumbukwa? Barazani, viwanjani, penye sinema za zamani. Majibu yao yaliwekwa katika ramani za kompyuta, tabaka juu ya tabaka, yakaingia katika mpango wa eneo, na mwaka 2019 kikatoka kitabu cha ramani za Ng'ambo. Kabla yake, mwaka 2016, droni zilikuwa zimeanza kupiga picha Unguja na Pemba, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakashiriki kazi hiyo.

Mpenzi wa lugha atavutwa zaidi na majina. Mwembetanga, Mwembeladu na Mwembeshauri yana miembe ndani yake. Michenzani ina michenza. Kikwajuni inanukia ukwaju. Gulioni palikuwa na gulio. Kisimamajongoo hakihitaji tafsiri. Sisi wa Kambarage, hapa Shinyanga, hatushangai. Mtaa wetu unabeba jina la Mwalimu Nyerere, ambalo husimuliwa kuwa ni la mzimu wa mvua kwa Wazanaki, akapewa kwa kuwa alizaliwa siku ya mvua. Jina hilo limesafiri kutoka Butiama bila kuandikwa popote ardhini.

Hapo ndipo penye mashaka. Droni huona bati, haioni jina. Afisa mwenye picha safi ya mapaa anaweza kuhesabu nyumba za kubomoa asubuhi moja, na asijue kuwa moja ilikuwa chuo cha Kurani na nyingine klabu ya taarabu. Tabaka la kumbukumbu linapokosekana, ramani nzuri huharakisha ubomoaji.

Hori lenyewe lilijazwa kidogo kidogo katika karne ya ishirini. Ukiifungua leo picha ya angani, kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo utaona barabara, soko na bustani. Tone la maji huoni.