Mwenye mgahawa wa Manchester

Oktoba 1945, Vita Kuu ya Pili imetoka tu kwisha na Waingereza bado wanakula kwa mgawo, wajumbe kama 90 wenye asili ya Afrika walikutana katika ukumbi wa manispaa wa Chorlton-on-Medlock, mjini Manchester. Ulikuwa Mkutano wa Tano wa Umoja wa Waafrika, na kila anayeusimulia hutaja majina yale yale: Kwame Nkrumah, Jomo Kenyatta, Hastings Banda, George Padmore, na mzee W.E.B. Du Bois, aliyekuwa na miaka 77. Sina ugomvi na orodha hiyo. Ila wajumbe hula na hulala, na gharama za mkutano hazijilipi. Wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi.

Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa Ras Makonnen. Alizaliwa Guyana, koloni la Uingereza wakati huo, akiitwa George Griffith. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935 akajipa jina la Kihabeshi. Wakati wa vita alifungua migahawa Manchester, mmojawapo ukiitwa Cosmopolitan. Wanajeshi weusi wa Marekani, waliokuwa wakitengwa na wenzao weupe ndani ya jeshi lao wenyewe, walikaribishwa humo kama wateja wengine, wakala, wakalipa. Faida ya sahani hizo ndiyo iliyosaidia kulisha mapambano.

Mikutano minne iliyotangulia, ile ya Du Bois, kuanzia ule wa Paris mwaka 1919, ilikuwa ya wasomi waliowaomba wakoloni kwa adabu wapunguze ukali. Manchester walikuja watu wa aina nyingine. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi kutoka makoloni walikuwa wamefika Paris kwa mkutano wao wa kimataifa, na waandaaji wakapanga tarehe makusudi ili wavuke bahari wahudhurie. Watu waliozoea migomo hawakuwa na hamu ya kuandika barua za unyenyekevu. Walidai uhuru kamili, na wakasema wazi kwamba mkoloni akishikilia kutawala kwa mabavu, huenda Waafrika nao wakalazimika kutumia nguvu.

Afrika Mashariki ilipewa maazimio yake. Ardhi irudishwe kwa wenyewe. Kazi za kulazimishwa zikomeshwe, na kazi sawa ilipwe ujira sawa. Sheria za ubaguzi zifutwe, na kipande kikatajwa kwa jina: kile cheti cha alama za vidole ambacho mwanamume Mwafrika wa Kenya alikibeba shingoni ndani ya kikopo cha bati, bila hicho hapati kazi wala hasalimiki na polisi. Kenyatta hakuhitaji kuelezwa maana yake.

Wanawake waliosimama kuzungumza walikuwa wawili tu, Amy Ashwood Garvey na Alma La Badie, wote wa Jamaika. Amy aliyeongoza kikao cha kwanza alilalamika kwamba mwanamke mweusi amesahauliwa katika mijadala hii. Kwa hesabu ya wasemaji, alikuwa na haki.

Magazeti mengi ya Uingereza hayakujishughulisha na mkutano huo. Mwaka uliofuata Kenyatta alirudi nyumbani. Nkrumah naye akarudi kwao mwishoni mwa 1947, na miaka kumi baadaye Ghana ikawa huru chini ya uongozi wake. Makonnen alihamia huko kumsaidia. Jeshi lilipompindua Nkrumah Februari 1966, mwenye mgahawa naye akatupwa gerezani. Aliyemwombea mpaka akaachiwa ni Kenyatta, wakati huo Rais wa Kenya, aliyemjua tangu enzi za dhiki Uingereza. Makonnen akahamia Nairobi, akapata kazi katika wizara ya utalii na baadaye uraia. Mwaka 1973 kumbukumbu zake zilitoka kitabuni, akieleza harakati hizo kama mtu aliyekuwa ndani yake. Alifariki Nairobi mwaka 1983.