Bastola iliyomuua Abraham Lincoln

Bastola iliyomuua Abraham Lincoln ni silaha ndogo ya mfukoni ambayo mwigizaji John Wilkes Booth aliitumia kumpiga risasi Rais huyo wa Marekani katika ukumbi wa Ford's Theatre, Washington, usiku wa tarehe 14 Aprili 1865. Zilikuwa zimepita siku 5 tu tangu Jenerali Robert E. Lee, kamanda wa jeshi la majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, asalimu amri. Lincoln alifariki asubuhi iliyofuata.

Muundo

Ilitengenezwa na Henry Deringer wa Philadelphia. Urefu wake ni sentimita 15 hivi, hivyo hufichika kwa urahisi ndani ya nguo. Baruti na risasi hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, na fataki ndogo huilipua baruti. Hubeba risasi moja tu. Baada ya kufyatua, Booth aliiacha, akamjeruhi kwa kisu Meja Henry Rathbone, aliyekuwa ameketi pamoja na Lincoln, na kutoroka.

Baada ya mauaji

Bastola iliokotwa ukumbini, ikawa kielelezo mbele ya mahakama ya kijeshi iliyowahukumu washirika wa Booth. Ilihifadhiwa na Wizara ya Vita hadi 1940, ilipohamishiwa makumbusho ya Ford's Theatre, inakoonyeshwa hadi leo. Mwaka 1997, kufuatia uvumi kwamba iliibwa na kubadilishwa, maabara ya FBI iliilinganisha na picha za zamani na kuthibitisha kuwa ndiyo yenyewe. Risasi iliyotolewa kichwani mwa Lincoln imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Afya na Tiba, jimboni Maryland.