Virusi vya CMV na maziwa ya mama: Usiharakishe kumwachisha mtoto ziwa

Mzazi akisikia kwamba maziwa yake yana virusi, wazo la kwanza ni kumtoa mtoto kwenye titi. Kwa virusi viitwavyo sitomegalo, au CMV kwa kifupi, hatua hiyo mara nyingi humnyima mtoto kinga bila sababu.

CMV ni nini?

Ni virusi vya jamii moja na vile vya tetekuwanga. Huenea kwa mate, mkojo, damu, kujamiiana na maziwa ya mama. Barani Afrika watu wazima wengi wanavyo na hawajui, kwa kuwa huingia utotoni na kujificha mwilini maisha yote. Mtu mwenye afya kwa kawaida hasikii lolote.

Vinaingiaje kwenye maziwa?

Mama anaponyonyesha, virusi vilivyolala huamka ndani ya matiti, hata kama kwenye damu havionekani. Huongezeka wiki za mwanzo, hasa kati ya ya nne na ya nane, kisha hupungua. Utafiti uliofanywa Gambia uliwakuta watoto wengi wameshaambukizwa kabla ya kutimiza mwaka.

Mbona hawaugui?

Miezi ya mwisho ya mimba, kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Aliyetimiza miezi yake huzaliwa na akiba hiyo. Virusi vikiingia, chembe za kinga za mtoto mwenyewe nazo huvitambua na kuvidhibiti. Haviondoki, ila hukaa kimya.

Nani aangaliwe zaidi?

Ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32, au mwenye uzani chini ya gramu 1,500. Huyu alitoka kabla ya kupokea kingamwili za kutosha, na anaweza kupata maradhi makali: kusita kupumua, ini kuathirika, damu kupungukiwa na chembe za kugandisha. Kugandisha maziwa hupunguza virusi lakini hakuvimalizi. Kuyapasha nyuzi 62.5 kwa dakika 30, kama zinavyofanya benki za maziwa, huviua, ila hupunguza pia sehemu ya kinga iliyomo. Kenya ina benki ya aina hiyo katika Hospitali ya Pumwani, Nairobi, tangu 2019. Uamuzi hapa ni wa daktari pamoja na mama, si wa majirani.

Mtoto mwenye virusi vya Ukimwi naye yumo hatarini, kwani CMV yaweza kumletea nimonia kali. Dawa zake na za mamake zisikatizwe.

Usichanganye na CMV ya tumboni

Mtoto akiambukizwa kabla ya kuzaliwa, anaweza kupoteza uwezo wa kusikia. Kipimo cha mate au mkojo hufanywa ndani ya siku 21 za mwanzo. Zikipita, ni vigumu kujua kama aliambukizwa tumboni au baadaye.

La kufanya

Mtoto aliyetimiza miezi na mwenye afya aendelee kunyonya: maziwa ya mama pekee miezi sita, kisha pamoja na chakula hadi miaka miwili au zaidi. Mjamzito anawe mikono kwa sabuni baada ya kubadilisha nepi, na asitumie kijiko kimoja na mtoto mdogo. Chanjo ya CMV bado haijapatikana.